Kinshasa: Uwanja wa Baba

Marehemu baba yangu hakuwahi kukanyaga Kinshasa, lakini kona moja ya mji ule aliijua kuliko njia ya shambani kwake. Mwaka 1974 alikuwa kijana Kigoma, na mpaka uzeeni pambano la Muhammad Ali na George Foreman alilisimulia raundi kwa raundi, kama mtu aliyekaa safu ya mbele. Akifika raundi ya nane alikuwa anasimama. Mama, ambaye hadithi ile alikwisha izoea, aliondoa chupa ya chai mezani kabla mkono wa kulia wa baba haujaanza kuzunguka. Basi nilipopata safari ya Kinshasa kiangazi kilichopita sikuwa na mipango mingi. Nilitaka kuuona uwanja wa baba.

Limete

Kinshasa ya Julai haifanani na Kinshasa ya kwenye video za muziki. Mvua zimekatika, anga ni la kijivu kutwa nzima, jua limefubaa kama sahani ya bati, na jioni watu wanatoa masweta. Kutoka uwanja wa ndege wa N'djili unaingia mjini kwa barabara ndefu iliyopewa jina la Lumumba, na pembeni yake ni soko lisilokatika: mikate mirefu vichwani mwa akina mama, magodoro, matairi, maji ya vifuko. Halafu unatokea mnara wa Limete, na mbele yake Lumumba mwenyewe, sanamu, mkono juu. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha kilichosalia cha mwili wake, jino moja, nalo likazikwa pale tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo. Sijawahi kuona kaburi kubwa namna ile kwa kitu kidogo namna ile.

Mwenyeji wangu ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Bukavu. Nilimwita Mwalimu, naye akaniita Mutanzania tangu saa ya kwanza. "Hapa Kiswahili tunakisemea ndani ya gari," aliniambia, akicheka nusu kicheko. Mji huu ni wa Kilingala. Mwaka 1997 Kiswahili kiliingia na bunduki, midomoni mwa askari wa Laurent-Désiré Kabila waliotembea kutoka mashariki wakiwa na mabuti ya mpira, na watu wazima hawajasahau. Mimi sikukutana na chuki. Nilikutana na mshangao, na kicheko kila nilipodhani nimeelewa neno. Waendesha bodaboda wanawaita wewa, jina lililotokana na Waluba wa Kasai ambao, kama sisi, husema "wewe". Kijana mmoja alipoitwa hivyo nyuma yangu niligeuka, nikidhani nimeitwa mimi.

Jioni tulikula Matonge, mtaa ambao muziki wake sisi wa upande wa mashariki tumeucheza miaka sitini bila kuelewa maneno. Mchomaji alilikata paja la mbuzi juu ya gogo kwa mapigo mafupi ya panga, akalifunga kwenye karatasi pamoja na kitunguu kibichi na pilipili ya unga. Wao wanamwita ntaba. Pembeni kulikuwa na kwanga, muhogo uliolowekwa hadi ukachacha, ukapondwa na kuchemshwa ndani ya majani. Unakata kamba, unabandua jani moja moja, na ndani unakuta gogo jeupe linalong'aa kama sabuni ya kipande. Harufu yake inakurudisha nyuma hatua moja. Tonge la tatu linakurudisha mezani.

Mwalimu alinyoosha kidole gizani, upande ambao sikuona chochote. "Uwanja uko hapo tu," akasema. "Kesho."

Kalamu

Kwa Kiswahili tata ni mafundo ya uzi. Kwa Kilingala ni baba. Stade Tata Raphaël ni uwanja wa Baba Raphaël, padre Mbelgiji wa shirika la Scheut, jina lake kamili Raphaël de la Kethulle, aliyeanzisha shule na vyama vya michezo kwa vijana wa Kiafrika mji ulipokuwa bado unaitwa Léopoldville. Moja ya timu zake, ya mwaka 1936, ndiyo leo Daring Club Motema Pembe, watani wa jadi wa AS Vita Club. Uwanja nao ulikuwa ndoto yake, lakini ulipofunguliwa mwaka 1952 hakupewa yeye. Ulipewa jina la mfalme kijana wa Ubelgiji, Baudouin. Mwaka 1955 mfalme akaja mwenyewe, akashangiliwa, akaondoka na jina la utani, Bwana Kitoko, bwana mzuri, nusu Kiswahili nusu Kilingala. Mwaka 1967 Mobutu akamfuta mfalme na kuandika 20 Mai, tarehe kilipozaliwa chama chake, MPR. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, padre akarudishiwa uwanja wake, miaka 41 baada ya kufa.

Kwa nje haukutishi. Kuta, geti, wauza vocha, fundi viatu aliyeegemea ukuta. Eneo hili lilikarabatiwa kwa ajili ya Michezo ya Francophonie ya mwaka 2023, na kiwanjani kuna nyasi bandia, kijani kisichokubali vumbi la kiangazi. Nilipanda ngazi za zege, nikakaa, nikaanza kutafuta ulingo ulikuwa wapi. Katikati. Haupo, bila shaka. Watoto wanne walikuwa wanapiga mpira mahali pale pale.

Uhai wa asubuhi ulikuwa chini ya majukwaa, sauti ya kamba ikipiga sakafu. Mabondia kama kumi na tano, wasichana kwa wavulana, walikuwa wanajifua kwenye korido yenye mwanga wa dirisha moja. Msichana mmoja, kama wa miaka kumi na saba, alikuwa anafunga mikono. Bandeji zake zilifuliwa hata zikawa rangi ya majivu. Alianza na kitanzi cha kidole gumba, akazungusha mara tatu kwenye kifundo, akapanda juu ya vifundo vya vidole, akapitisha katikati ya kila kidole, akarudi kwenye kifundo, na ncha ya mwisho akaishika kwa meno huku akichomeka. Halafu akafungua yote na kuanza upya. Kocha alisema kufunga peke yake anawafundisha wiki mbili.

"Umekuja kwa Ali?" kocha akaniuliza kupitia kwa Mwalimu.

Nikakubali.

"Wote wanakuja kwa Ali." Akarudi kwa wanafunzi wake, na sikupata tena neno lake.

Nilitoka nikiwa nimenywea kidogo, na nadhani Mwalimu aliona, kwa sababu hakunirudisha Matonge. Tulikata mitaa kwa miguu, mwendo mfupi, hadi upande wa YMCA. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959.

Siku ile chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kilitangaza mkutano wa hadhara kwenye YMCA. Wakuu wa mji wakaukataza. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, na Kasa-Vubu akawaomba warudi nyumbani. Wangeweza kurudi. Ila mchana huo huo, kwenye Uwanja wa Mfalme Baudouin, Vita Club walikuwa wanacheza na Mikado mbele ya watu kama 20,000, na Vita walifungwa. Mechi ikaisha, mageti yakafunguliwa, na watu wote wale, wengi wao na uchungu wa kufungwa, wakamwagika kwenye mitaa ile ile yenye watu waliozuiwa kusema. Mito miwili ikakutana. Maduka ya Wazungu yakavunjwa, mawe yakaruka, jeshi likapiga risasi. Fujo zilidumu siku kadhaa, na hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe iliwataja makumi ya Waafrika waliokufa. Wenyeji walisema ni wengi zaidi. Tarehe 13 Januari, Bwana Kitoko alizungumza redioni na kwa mara ya kwanza akaahidi uhuru. Kabla ya hapo Wabelgiji walikuwa wanapanga kwa miongo. Uhuru ulikuja baada ya miezi kumi na saba.

Leo tarehe 4 Januari ni sikukuu ya taifa, ya mashahidi wa uhuru. Nimesoma makala nyingi za pambano la Ali, na uwanja umo ndani yake kama jukwaa tu, kama vile ulijengwa kwa ajili ya usiku ule. Nilisimama nje ya YMCA nikiona haya kidogo, kwa niaba yangu na kwa niaba ya baba.

Nsele

Siku ya tatu tulifuata mto kwenda juu, kilomita arobaini na kitu mashariki mwa kati ya mji, hadi Nsele. Hapa Mobutu alikuwa na himaya yake, pamoja na jengo la paa za Kichina zilizopindwa ncha ambalo bado linakushangaza likitokea kati ya miti. Hapa ndipo ilani ya MPR ilipotangazwa tarehe 20 Mei 1967, ile tarehe iliyobandikwa uwanjani. Na hapa ndipo Ali alipoishi akijiandaa.

Mto Kongo mbele ya Nsele ni mpana kiasi kwamba ng'ambo ni mstari tu. Visiwa vya magugu-maji vinapita polepole, kimoja kikiwa na korongo mweupe amesimama juu yake kama abiria aliyelipa nauli. Ali alikuwa anakimbia alfajiri kando ya maji haya. Alikuwa na miaka 32. Ubingwa alinyang'anywa mwaka 1967 alipokataa kwenda vitani Vietnam. Foreman alikuwa na miaka 25, hajawahi kupigwa, na Joe Frazier na Ken Norton, watu wawili waliokuwa wamemshinda Ali, kila mmoja alimmaliza ndani ya raundi mbili. Mobutu alidhamini dola milioni 5 kwa kila bondia ili dunia ijifunze neno Zaire, nchi aliyoipa jina hilo mwaka 1971.

Pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba. Tarehe 16, mazoezini, kiwiko cha mshirika wake kilimchana Foreman juu ya jicho, na kila kitu kikasogezwa hadi 30 Oktoba. Hakikusogea kimoja: tamasha la muziki. James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba walikuwa wamekwisha fika, hivyo usiku tatu, kuanzia 22 hadi 24 Septemba, uwanja wa Kalamu ukawa ukumbi wa ngoma, na jukwaa lile lile likawabeba Franco na Tabu Ley. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma na tiketi moja tu, baba anisamehe, ningechagua usiku wa tamasha.

Foreman alikuwa ameteremka Kinshasa na mbwa mkubwa wa Kijerumani. Wakongo walimtazama mbwa yule wakawakumbuka mbwa wa polisi wa Kibelgiji. Ali yeye alikuwa anawasalimia watoto njiani. Hesabu ilikwisha kabla ya kengele.

Tulikula Kinkole, kijiji cha wavuvi kilicho karibu. Kambare, wao wanamwita ngolo, alikuja ndani ya liboke, kifurushi cha majani kilichowekwa juu ya makaa pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili nzima. Mama muuzaji alikifungua mwenyewe, kwa ncha za vidole, mvuke ukimpiga usoni, hakupepesa. Nilipokuwa nanawa nilimsimulia Mwalimu kwamba Ali alikuja kwetu pia, Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow, na Nyerere alikataa kuonana naye. Mwalimu alicheka hadi akaweka samaki chini. Baba hakuwahi kuamua amlaumu nani.

Lingwala

Siku ya nne tuliitumia vibaya, na kosa ni langu: niling'ang'ania uwanja mpya. Stade des Martyrs unaonekana kutoka mbali, bakuli la zege la watu 80,000 lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola, mji mdogo wa mashariki ambako Mobutu alijisifia ushindi dhidi ya waasi wa Simba mwaka 1964. Mwalimu, ambaye kwao si mbali na Kamanyola, aliguna tu. Mahali hapa ndipo tarehe 2 Juni 1966 Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, na mawaziri wa zamani watatu walinyongwa hadharani mbele ya umati. Jina la sasa, la mwaka 1997, ni lao.

Mechi kubwa, ibada na matamasha vimehamia huku. Februari 2023 Papa Francis alikutana hapa na vijana zaidi ya 60,000. Miezi mitatu kabla, Oktoba 2022, watu 11 walikufa katika msongamano kwenye tamasha la Fally Ipupa. Tuliuzunguka kwa nje. Ni uwanja mkubwa, una mambo yake mazito, lakini mitaa haiusogelei. Umezungukwa na barabara pana kama mtu asiyetaka kuguswa. Tata Raphaël umebanwa na nyumba. Mwanamke anaweza kuanika nguo huku anasikia goli limefungwa.

Kalamu, saa kumi alfajiri

Pambano lilianza saa kumi alfajiri ya Kinshasa, ili Marekani iwe saa nne ya usiku na watu wa kule walipe kuliona kwenye kumbi za sinema. Kigoma ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya mwisho nilimwamsha Mwalimu saa tisa na nusu. Alilalamika kwa Kimashi, lugha asiyoitumia kwangu, kwa hiyo sikujua nimetukanwa kiasi gani.

Nje ya geti kulikuwa na baridi na harufu ya moshi wa kuni. Mzee mmoja alikuwa tayari na meza yake ya kahawa, karanga na mikate, taa ya chaji imening'inizwa kwenye msumari, kofia ya sufu masikioni. Tulikaa kwenye benchi lake. Ilipofika saa kumi nilitulia, nikajaribu kuusikia uwanja ukiwa umejaa watu 60,000. Juu ya ulingo kulikuwa na paa, maana kuahirishwa kulilisogeza pambano hadi msimu wa mvua. Mobutu hakuwepo, aliangalia kwenye televisheni kwake. Norman Mailer aliandika kwamba kabla ya pambano wahalifu walikusanywa wakafungiwa kwenye vyumba vya chini ya majukwaa, na baadhi wakauawa ili mji utulie. Idadi hubadilika kila inaposimuliwa. Nilimfikiria msichana wa bandeji kwenye korido ile.

Baba alipenda kuigiza ule ukelele, "Ali, boma ye!" Alidhani wanamwambia Ali ajenge boma, ajifiche nyuma yake. Ndivyo alivyotufundisha, na ndivyo tulivyoamini, kwa sababu ndivyo Ali alivyofanya: aliegemea kamba zilizolegea, akajenga boma kwa viwiko na ngumi, akamwacha Foreman abomoe mpaka mikono imwishe. Raundi ya nane akatoka bomani, akampiga, Foreman akaanguka akizunguka. Mwalimu ndiye aliyenieleza, pale kwenye benchi, kwamba koboma kwa Kilingala ni kuua. Ali, mwue. Nilikaa kimya muda. Bado nadhani tafsiri ya baba ndiyo inayoeleza pambano vizuri zaidi.

Foreman alifariki Machi 2025, Ali alimtangulia mwaka 2016. Muda mfupi baada ya kengele ya mwisho mvua kubwa ilinyesha, ikajaza maji vyumba vya kubadilishia nguo. Asubuhi yangu haikuwa na mvua. Ilikuwa na jogoo, na lori la mchanga lililokataa kuwaka.

Nilimwomba Mwalimu amuulize mzee alikuwa wapi usiku ule. Mzee alijaza kikombe changu kwanza. Alikuwa hapa hapa nje, akasema, hakuwa na pesa ya tiketi, alisikia kelele tu. Nikauliza kama ule ndio ulikuwa usiku mkubwa kuliko yote kuwahi kutokea katika uwanja ule.

"Te," akasema. Hapana. Akaivuta kofia juu kidogo. Usiku mkubwa, anavyosema yeye, si wa Wamarekani. Ni tarehe 16 Desemba 1973, marudiano ya fainali ya klabu bingwa ya Afrika, Vita na Asante Kotoko ya Ghana. Siku hiyo alikuwa na tiketi, na alikuwa ndani. Alinihesabia mabao kwa karanga, akiziweka mezani moja moja mbele ya kikombe changu, tatu upande wa Vita, upande wa Kotoko pakabaki patupu.

Baba hakuwahi kunitajia mechi ile. Kumasi Vita walikuwa wamefungwa 4–2. Kinshasa walishinda 3–0. Jumla 5–4.